Filta ya haidroliki: namna ya kuchagua na kubadilisha kwenye eskaveta, tipa na mashine nyingine bila kuua pampu

Ukiniuliza mimi, pampu nyingi za haidroliki zinazokufa saiti hazifi kwa uzee, zinakufa kwa uchafu, na uchafu wenyewe umepita kwenye filta ambayo mtu aliibeba ya zamani mpaka dukani akailinganisha na mpya kwa macho, urefu ule ule, thredi ile ile, raba inakaa, akalipa akaondoka. Filta kufunga ni kitu kimoja na filta kufanya kazi ni kitu kingine kabisa. Naandika kwa mafundi na maopereta lakini hasa kwa nyie wamiliki mnaotuma hela ya spea kwa simu bila kujua kinachonunuliwa, maana pampu ikifa ni mamilioni na mashine imelala na mkataba unaendelea kuhesabu siku.

Tuanze na ukubwa wa uchafu wenyewe. Mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Unywele wa mtu una kama mikroni 70, na jicho la kawaida halioni kitu kilicho chini ya mikroni 40 hivi. Sasa ndani ya pampu ya pistoni nafasi kati ya pistoni na tundu lake ni mikroni chache mpaka makumi machache tu, na spuli za kontroli vavu, vile vijiti vinavyoteleza ndani yake, zimebana zaidi ya hapo. Kwa hiyo ule uchafu unaokula mashine huwezi kuuona, na habari za kuchovya kidole kwenye oili ukaisugua ukasema "hii bado safi" hazina maana yoyote. Ukiwa unafanya kazi kwenye machimbo ya kokoto kama Lugoba, au barabara ya vumbi kule Dodoma kiangazi, vumbi lile lina kwatzi ndani yake na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, likiingia kwenye oili linafanya kazi ya msasa kwenye kila kitu linachopita, na chembe za chuma zinazokwanguliwa nazo zinaenda kukwangua kwingine.

Jambo la pili ni kuzijua filta zako ziko ngapi na ziko wapi, maana nimeona watu wanabadilisha moja miaka yote na nyingine hawajui hata kama ipo. Eskaveta ya tani 20 kwa kawaida ina chujio la waya ndani ya tanki upande wa saksheni, yaani pampu inaponyonya, hili lina matundu makubwa, zaidi ya mikroni 100, kazi yake ni kuzuia tambara na vipande visiingie kwenye pampu. Halafu kuna filta ya ritani, yaani ya oili inayorudi tankini, ile kubwa yenye kifuniko cha bolti juu ya tanki, hii ndo inafanya kazi kubwa ya kusafisha. Kuna filta ndogo ya pailoti, ule mkondo wa presha ndogo unaoendesha kontroli, inalinda zile vavu za leva na solenoidi, ndogo sana ndo maana inasahaulika. Mashine nyingine zina filta ya drein, yaani ya oili inayovujia ndani ya pampu au mota ikirudi tankini. Alafu briza ya tanki, pale tanki linapopumulia hewa. Tipa ni rahisi zaidi, pale nyuma ya kebini kuna tanki lenye filta moja ya ritani na mfuniko wenye briza, basi. Na usisahau stelingi ya lori, kwenye malori mengi kile kitanki cha oili ya pawa stelingi kina filta ndani chini ya springi, watu wanaongeza oili miaka mitano bila kufungua, stelingi ikianza kulia wanalaumu pampu.

Hapo kwenye briza nataka nikae kidogo kwa sababu ndo kitu kinachodharauliwa kuliko vyote na ndo cha bei ndogo kuliko vyote. Jeki ya tipa ikipanda inachukua oili kutoka tankini, tuseme lita 60, basi lita 60 za hewa lazima ziingie tankini kujaza ile nafasi, na hewa hiyo inatoka hapo hapo saiti kwenye vumbi unaloliona. Bodi ikishuka hewa inatoka, trip inayofuata inaingia nyingine. Zidisha kwa trip za siku nzima. Kama briza imekufa, au mfuniko umepotea mtu kaziba na tambara na mpira wa tairi, tanki linavuta vumbi moja kwa moja na unaweza kununua filta ya ritani nzuri kuliko zote duniani haitakusaidia, unaichosha tu. Na briza ikiziba kabisa nayo ni shida nyingine, tanki linashindwa kuvuta hewa, pampu inanyonya kwa tabu, unaanza kusikia ule mlio wa kukwaruza kama kuna mchanga ndani. Huo mlio unakula pampu, usiuzoee.

Sasa kuchagua. Anza na kitabu cha mashine au pati namba iliyoandikwa kwenye filta ya kwanza kabisa, siyo namba ya ile uliyoikuta imefungwa leo, kwa sababu hujui nani aliifunga na alikosea wapi. Chukua modeli na siriali namba ya mashine kwenye kibati chake, piga picha, nenda nayo. Siriali ni muhimu maana modeli moja inaweza kubadilishiwa filta katikati ya uzalishaji, herufi moja tu nyuma ya modeli inaleta filta tofauti. Kampuni zenyewe pia zinabadilisha tarakimu za mwisho za pati namba zikiboresha kitu, kwa hiyo muuzaji akikupa namba inayotofautiana mwishoni usimkatalie hapo hapo na usimwamini hapo hapo, mwambie akuonyeshe kwenye mfumo au katalogi kwamba mpya imechukua nafasi ya ile.

Filta za kampuni nyingine siyo dhambi. Donaldson, Fleetguard, Baldwin, Mann na wengine wa aina hiyo wanatengeneza filta zinazofanya kazi vizuri kabisa na wana katalogi zao mtandaoni ambapo unaingiza namba ya Komatsu au Caterpillar inakuletea ya kwao, pamoja na vipimo. Vipimo hivyo ndo nataka uvisome, usiishie kwenye picha.

Cha kwanza ni mikroni, lakini mikroni peke yake inadanganya. Muuzaji anakwambia hii ni mikroni 10, sawa, inakamata ngapi kati ya zile chembe za mikroni 10? Hapo ndo kuna kipimo kinaitwa beta, kinapimwa kwa utaratibu wa ISO 16889. Beta 2 maana yake kati ya chembe 100 zilizofika filta inakamata 50 na 50 zinapita zinaenda zake. Beta 75 inakamata karibu 98.7 kwa mia. Beta 200 inakamata 99.5, beta 1000 inakamata 99.9. Sasa filta mbili zote zinaandikwa mikroni 10 kwenye boksi, moja ni beta 2 na nyingine ni beta 1000, bei zinatofautiana na mtu anaona ameokoa hela. Kama boksi wala katalogi haionyeshi beta yoyote, chukulia ni dhaifu mpaka uthibitishe vinginevyo.

Cha pili ni malighafi ya ndani. Karatasi ya kawaida ni bei rahisi ila inakamata kwa kubahatisha, na maji yakiingia kwenye oili inavimba na kuziba. Nyuzi za glasi zinabeba uchafu mwingi zaidi kabla hazijajaa na ndo zinatumika kwenye mashine nyingi za kisasa zenye presha kubwa. Kama mashine ilitoka kiwandani na filta ya glasi, usiirudishe kwenye karatasi kwa sababu tu imekaa. Kinyume chake pia usijitungie, kuna mtu anaona mikroni 3 ni bora kuliko 10 basi anaifunga kwenye ritani ya mashine isiyoihitaji, inajaa haraka, baipasi inafunguka, oili inapita bila kuchujwa kabisa. Ulitaka usafi ukapata uchafu.

Na hiyo baipasi ndo cha tatu. Ni vavu ndogo yenye springi, filta ikijaa au oili ikiwa nzito ya baridi presha inapanda, vavu inafunguka oili ipite bila kuchujwa ili filta isipasuke. Kwenye mashine nyingine baipasi iko ndani ya filta, nyingine iko kwenye kichwa au hauzingi (nyumba ya filta), na kuna saketi ambazo zimetengenezwa makusudi filta isiwe na baipasi hata kidogo. Ukifunga filta ya baipasi pasipotakiwa umeruhusu uchafu upite, ukifunga isiyo na baipasi mahali ilipotakiwa iwepo siku filta ikijaa inapondeka na vipande vyake vinakwenda kwenye vavu. Ndo maana nasema usichukue filta ya oili ya injini ukaifunga kwenye haidroliki ya bekho au folklifti eti thredi zinalingana. Springi ya baipasi yake imewekwa kwa presha ya injini, ukuta wake umetengenezwa kwa presha ya injini, inaweza kupasuka, na hata isipopasuka haichuji inavyotakiwa.

Thredi nazo angalia vizuri, kuna za milimita na kuna za inchi zinazokaribiana kiasi kwamba zinaingia mizunguko miwili mitatu halafu zinabana, mtu anadhani imekaza kumbe imeng'ata. Inatakiwa iingie kwa vidole mpaka mwisho bila ubishi.

Feki ziko nyingi, Gerezani na Kariakoo zipo, Kirinyaga Road Nairobi zipo, na boksi siku hizi zinachapwa vizuri kuliko hata za orijino. Usiangalie boksi, angalia filta. Hesabu mikunjo au angalau itazame, feki mikunjo ni michache na imeachana upande mmoja imesongamana upande mwingine. Bonyeza vifuniko vya juu na chini, gundi iwe imezunguka kote bila pengo. Tazama bomba la katikati lenye matundu, liwe gumu, matundu yamekatwa safi bila vinyweleo vya bati, maana vile vinyweleo vitakatika vitaingia upande wa oili safi. Ipime mkononi na ya orijino kama unayo, nyepesi sana ni dalili. Na ikija haina nailoni imekaa wazi kwenye shelfu la vumbi, iache tu hata kama ni orijino.

Tuje kwenye muda. Komatsu PC200-8 kwa mfano, ambayo imejaa sana huku, kitabu chake kinasema filta ya haidroliki masaa 1000, elementi ya briza masaa 500, oili ya tanki masaa 5000. Hizo ni za kazi ya kawaida ya kuchimba na baketi. Ukifunga nyundo ya kupasulia mawe hesabu zote zinabadilika, muda unapungua mara kadhaa, kwa sababu nyundo inatikisa oili, inaipasha moto na vumbi la mwamba linaingia kupitia kwenye patasi lenyewe. Kitabu kina jedwali lake la nyundo, lifuate, na kama hukipati kitabu kwa kazi ya nyundo ya kutwa mimi singengoja zaidi ya masaa 200 hivi kabla ya kufungua filta. Tipa isiyo na mita ya masaa ya PTO (gia inayochukua nguvu ya injini kuzungusha pampu), fanya kwa mwaka, au mara mbili kwa mwaka kama inabeba mchanga na kokoto kila siku. Kama kuna indiketa au taa ya filta, isome oili ikiwa ya moto. Asubuhi ya baridi Njombe au Makete taa inaweza kuwaka kwa sababu oili ni nzito, ikipata joto inazima, hiyo siyo lazima filta imejaa. Ikibaki inawaka oili ikiwa moto, badilisha siku hiyo hiyo, usimalizie wiki.

Kubadilisha kwenyewe. Paki mashine sehemu tambarare, shusha baketi chini igusane na ardhi, kama ni tipa bodi iwe imeshuka kabisa. Ukilazimika kuingia chini ya bodi iliyoinuka weka nguzo yake ya usalama, usitegemee jeki, hozipaipu moja ikipasuka bodi inashuka na wewe uko chini. Zima injini, washa swichi bila kuwasha injini na uchezeshe leva pande zote mara kadhaa kutoa presha iliyobaki. Tanki lenyewe pia lina presha kwenye eskaveta nyingi, bonyeza kitufe cha briza au legeza mfuniko taratibu mpaka usikie hewa imeisha. Acha oili ipoe mpaka iwe vuguvugu, ukiifungua ya moto inachoma vibaya. Na hili nalisema kwa uzito wote: ukitafuta mahali oili inapovujia usipitishe mkono, tumia kipande cha boksi. Mfumo mkuu wa eskaveta unafika presha ya bar 350 hivi, katundu kadogo kwenye paipu kanarusha oili inayotoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, kidonda kinaonekana kama mchomo wa sindano tu na mtu anaendelea na kazi, wakati ndani nyama inaanza kuoza na anaweza kupoteza kidole au mkono. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa ile ile na kumwambia daktari wazi kwamba ni oili ya presha.

Kabla hujagusa bolti hata moja osha eneo lote la juu ya tanki, pangusa, pulizia kwa kompresa, pangusa tena. Hii dakika kumi ndo kazi yenyewe. Ukifungua kifuniko juu yake kuna vumbi la sentimita moja, lile vumbi linaangukia tankini upande ambao hauchujwi tena mpaka lizunguke mashine nzima. Siku ya upepo mkali saiti, ahirisha au sogeza mashine nyuma ya ukuta.

Legeza bolti za kifuniko kwa zamu ukikishikilia kwa mkono, chini yake kuna springi inasukuma. Toa springi, toa vavu, zikumbuke zilivyopangwa au piga picha. Vuta filta juu taratibu, iache ichuruzike, usiigonge. Chini ya hauzingi utakuta tope, linyonye au lipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, siyo pamba wala sweta kuukuu. Filta mpya toa kwenye nailoni dakika hiyo unapoiweka, siyo asubuhi ukaiweka juu ya trak. Oringi ya kifuniko weka mpya, ipake oili safi, hakikisha imekaa kwenye mfereji wake haijajikunja. Kaza bolti kwa kupishana.

Kama ni filta ya kuzungusha, hakikisha raba ya zamani imetoka na filta ya zamani, maana ikibaki imeng'ang'ania kichwani ukafunga mpya juu yake unapata raba mbili na siku presha ikipanda inamwaga tanki lote barabarani. Paka raba mpya oili, zungusha kwa mkono mpaka iguse, halafu ongeza kama robo tatu ya mzunguko au ilivyoandikwa kwenye filta. Mnyororo wa filta ni wa kufungulia, siyo wa kukazia. Na usimimine oili kwenye tundu la katikati kuijaza kwanza, lile ndo upande wa oili safi, chochote ulichomimina hapo hakitachujwa.

Kuosha filta kwa petroli au dizeli na kuirudisha, jamani, tuache. Najua hela ni ngumu, lakini karatasi na nyuzi za glasi haziwezi kuoshwa, uchafu umeng'ang'ania katikati ya nyuzi na ukipuliza na kompresa unatanua matundu, inaonekana nyeupe safi na haichuji kitu. Kinachooshwa ni lile chujio la waya la saksheni tu, nalo ukague kama waya haujachanika.

Oili ya kuongezea nayo usiiamini kwa sababu ni ya pipa jipya. Usafi wa oili unapimwa kwa ISO 4406, namba tatu kama 18/16/13, na kila namba ikipanda moja uchafu unazidi kama mara mbili. Oili nyingi za pipa zinakuja chafu kuliko mfumo wa pistoni unavyotaka, kwa hiyo ipitishe kwenye pampu yenye filta, au angalau faneli yenye chujio na ndoo ambayo haikubeba maji ya mchanga jana yake. Usichanganye oili ya 46 na ya 68 (hizo ni namba za uzito wa oili) kwa sababu ndo iliyopatikana, fuata kitabu.

Ukimaliza washa injini mzunguko wa chini, usiguse leva dakika kama tano, halafu chezesha kila silinda taratibu bila kuifikisha mwisho, mara nne tano, hewa itoke. Kama ulimwaga oili yote au ulifungua pampu, lazima uijaze pampu oili kwenye tundu lake la hewa kabla hujawasha, pampu kavu inajikwangua ndani ya muda mfupi sana. Zima, angalia vujo, pima oili mashine ikiwa kwenye mkao ulioelekezwa na kitabu, ongeza.

Ile filta ya zamani usiitupe. Kata mikunjo kwa kisu, siyo msumeno wa chuma maana utajichanganyia unga wa msumeno na uchafu uliokuwa unautafuta. Tandaza kwenye karatasi nyeupe juani, pitisha sumaku. Vipande vinavyoshikwa na sumaku ni chuma, beringi au gia. Vya njano visivyoshikwa ni shaba kutoka viatu vya pistoni au sahani za pampu, hapo pampu inakuambia mapema kabla haijafa. Vipande vyeusi laini ni sili za silinda. Mchanga mchanga, nenda kwenye briza na kwenye vipangusio vya silinda. Pampu ikishakufa kweli na ukaweka mpya, osha tanki, toa na usafishe paipu na kipoza oili (kula), weka filta mpya zote, kisha baada ya masaa 50 fungua tena ya ritani uitazame, kama bado kuna chuma badilisha na urudie, mpaka ije safi. Na andika kwa maka peni kwenye hauzingi yenyewe tarehe, masaa na pati namba uliyofunga, kwa sababu opereta anahama, fundi anahama, daftari linapotea.